Maji ya Kumwoshea Kinu

Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe kumi na mbili ya Mfungo Tano, saa nne za asubuhi, pale gari la matangazo lilipopita mtaani kwetu likasema kwamba Kinu amefariki.

Halikusema kimezimwa. Kuzimwa kilizimwa zamani, mwaka ule wa mafuriko, na tangu hapo kilikaa tu juu ya kilima kama mgeni aliyeaga akasahau kuondoka. Gari lilisema amefariki. Likasema taifa limepata pigo, bendera zishushwe nusu mlingoti, redio ziache taarabu, na wenye harusi wangoje mpaka arobaini ya marehemu ipite. Mimi nilikuwa barazani najaza sufi kwenye godoro la mtu. Nikamwambia mke wangu aliyekuwa ndani, "Mize, unasikia? Kinu kimekufa."

"Kimekufa vipi, na hai kilikuwa lini?"

"Ndivyo wasemavyo wenyewe."

"Basi Mungu akipe kauli thabiti," akasema, na nikamsikia anacheka peke yake jikoni.

Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Nchi yetu ipo, ila jina lake kwa sasa liko kwenye matengenezo. Na hicho kinu si cha kutwangia mpunga. Ni kinu cha nyuklia. Wafadhili walitujengea enzi za Rais wa kwanza, kikatoa umeme wa Ikulu, na wa nyumba za mawaziri, na wa taa moja ya barabarani mtaani kwetu ambayo kila mwaka tulipangwa mstari tuishukuru. Kilipozeeka wafadhili wakaja wakakizima, wakasema neno moja kabla ya kupanda ndege: kinu kikizimwa hakijaisha. Matumbo yake, vyuma vyake, hata tope la sakafuni mwake, vyote vina mionzi, na mionzi huua mtu bila kumgusa, na haichoki mpaka wajukuu wa wajukuu wetu wawe wamesahauliwa. Kwa hiyo kivunjwe, kifungwe kwenye mapipa, kizikwe mahali pa mbali na watu. Wakafunga mlango wa ndege.

Serikali yetu ni sikivu. Ikaunda Wizara ya Mambo Yaliyokwisha, ikampa Mheshimiwa Dakta Kheri Makungu, na Mheshimiwa akayavunja matumbo ya Kinu, akayatia kwenye mapipa, akaanza kutafuta mahali. Mkoa wa kaskazini ukasema ardhi yao laini mno. Wa kusini ukasema yao ngumu mno, haichimbiki. Mkoa anakotoka Mheshimiwa mwenyewe ukagunduliwa kuwa na mandhari. Madereva wa malori wakagoma, mmoja akasema hata akilipwa mara tatu hawezi kubeba kitu kinachomchungulia kisogoni. Mapipa yakabaki kilimani, mengine yameanza kuvuja machozi ya kutu.

Hapo ndipo Mheshimiwa alipopata fikra ambayo imeandikwa kwenye vitabu vya shule. Aliwaambia wenzake katika baraza la mawaziri, na baadaye akatukariria sisi redioni kwa kujivuna: "Ndugu zangu, mwananchi wetu atakataa kodi. Atakataa chanjo. Atakataa hata kuhesabiwa. Lakini nionyesheni mwananchi mmoja aliyewahi kukataa jeneza."

Na kweli hayupo. Kwetu jeneza likipita, muuza samaki huacha samaki, kinyozi humwacha mtu nusu kichwa, kila mmoja hukimbilia kuweka bega hatua kadhaa, kisha humpisha mwenzake, naye humpisha mwenzake. Hatuulizi ni nani yumo. Mimi nimebeba watu ambao mpaka leo siwajui majina. Mheshimiwa akalitazama bega hilo la bure, lisilotaka dizeli wala kulipwa mara tatu, akaona lori.

*

Sasa maiti haibebwi kabla ya kuoshwa. Hilo hata serikali inalijua. Kabla hata msiba haujatangazwa ilikuwa imeundwa Tume ya kuchunguza marehemu ni mwanamume au mwanamke. Tume ikala biriani siku kadhaa, ikatoa jibu: ni mwanamke, kwa sababu alizaa nuru, na kwa sababu aliamuliwa na wanaume lini anyamaze. Basi akatakiwa mwosha wa kike.

Na mwosha wa kike katika mtaa wa Chini ya Kinu alikuwa mmoja, mke wangu.

Alasiri ya siku ileile ya Jumatano akaja kijana wa wizara, Bwana Msabaha, suti mpya, viatu vimechongoka. Mkononi ana kidude cha kupimia mionzi, kimetulia kama mjusi juani. Akakaa kwenye godoro langu lisilolipiwa, akakataa kahawa, akasema, "Bi Mize, taifa limefiwa."

"Nimesikia, mwanangu. Poleni."

"Taifa linakuomba umwoshe marehemu."

Mize alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua. "Mimi huosha watu."

"Mama, na Kinu alikuwa mtu wa watu."

Nikaingilia kati. Nikasema, "Bwana mdogo, sisi hatukusoma, lakini chuma tunakijua. Chuma hakifi, huliwa na kutu. Na hicho chenu wafadhili walisema kinaua."

"Kinaua, mzee, kikiwa hai. Sasa amefariki. Maiti humuua nani?"

Mtu aliyesoma ana faida hiyo: anakufungia mlango kwanza, ndipo anakubishia hodi.

Mize akauliza, "Hao waliomvunja walivaa nini?"

"Walivaa mavazi ya kinga, mama. Wale ni mafundi wa kukodi kutoka nje, yalikuwa yao, wameondoka nayo."

"Na mimi nitavaa nini?"

"Ya kwetu yapo. Tena ya kisasa, yako kwenye makasha hayajaguswa. Ila hayajazinduliwa. Mheshimiwa ndiye wa kuyakatia utepe, na mkasi rasmi bado uko bandarini." Akashusha sauti kwa heshima. "Sheria inakataza kuvaa kitu cha serikali kabla hakijazinduliwa."

Mize akacheka, lakini safari hii kwa puani. Ndipo kijana akatoa neno alilokuwa amelificha tangu alipoingia. "Bi Mize, nimeambiwa hujawahi kukataa maiti. Wanasema ulimwosha hata yule mlevi aliyetolewa kwenye choo."

"Nilimwosha mkewe, mlevi alioshwa na wanaume. Usiniongezee sifa."

"Lakini hujawahi kukataa."

Akaweka ungo chini. Nikajua tumeshashindwa. Mwosha ana kiapo ambacho hakikuandikwa popote: ukibishiwa hodi ya msiba, unafungua. Mama yake alikuwa mwosha, na bibi yake. Tulipobaki wawili nilimwambia, "Mize, hicho chuma."

"Chuma, ndiyo. Lakini nikikataa hiki, kesho nitaambiwa fulani naye si mtu, na fulani naye si mtu. Nitaanzia wapi kuchagua?"

"Anzia hapo."

"Haya, nenda kaniletee majani ya mkunazi ya kuoshea maiti," akasema.

*

Alimwosha siku ya Alhamisi, kilimani, ndani ya ukuta. Sisi wanaume tulikaa nje kwenye mikeka, kwa kuwa marehemu ni mwanamke na stara ni stara. Waziri alikaa kwenye kiti chenye mito, amevaa kanzu nyeupe iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Akatuhutubia.

"Ndugu wafiwa," alisema. "Nani kati yetu hakuchota nuru kwenye kifua cha mama huyu? Alitunyonyesha umeme. Alitubembeleza kwa feni. Na leo amelala, lakini hakuacha taka. Ninarudia, hakuacha taka, kama wasemavyo maadui zetu wa ndani na wa nje. Ameacha mabaki. Taka hutupwa. Mabaki hustiriwa."

Watu wakaitikia. Wengine waliitikia kwa kuwa wali ulikuwa unanukia.

Mimi masikio yalikuwa ukutani. Nilisikia kata ikichota, maji yakimwagika juu ya bati, na sauti ya Mize ikisoma polepole kama asomavyo siku zote. Tena nikasikia kile kidude cha Msabaha, aliyekuwa amesimama mlangoni amegeuzia ndani kisogo. Kilianza kwa kudonoa, tik, tik, tik, kama kuku wa kwanza aliyeona punje. Kikaongeza. Kikawa mvua kwenye bati. Mwisho hakikudonoa tena, kililia moja kwa moja, sauti nyembamba isiyovuta pumzi.

Watu wakaacha kuitikia. Waziri akainua kidole, akatega sikio, akatoa leso.

"Mnasikia?" akasema. "Hata mashine inalia."

Waandishi wa habari wakaandika.

Nikainuka. Askari akanikalisha kwa mkono mmoja begani, bila ugomvi, kama unavyomkalisha mtoto. Nikainuka tena, akanikalisha tena. Na ndani kata ilikuwa inaendelea kuchota.

Alitoka adhuhuri ikikaribia. Mikono yake ilikuwa myekundu kama ya mtu aliyemenya pilipili kutwa nzima. Tulirudi nyumbani kwa miguu, maana gari la wizara lilikuwa la kuleta tu. Njiani akanisimulia. Mapipa yalikuwa ya moto, moto wa ndani, kama paji la mgonjwa. Mengine yalikuwa yamepasuka na akayafuta mpasuko kwa kitambaa, kama inavyotakiwa. Na kulikuwa na jambo moja lililomkera kuliko moto.

"Hakukuwa na ufuo," alisema.

Ufuo ni lile shimo la kupokea maji ya kumwoshea maiti. Maji hayo hayamwagwi ovyo. Hayapitiwi na mguu wa mtu, hayanywewi na mnyama. Huchimbiwa, hufukiwa, hukaa na siri ya mwenyewe. Hilo ndilo jambo la kwanza mwosha huuliza akiingia nyumba ya msiba, kabla hata ya kutoa pole.

"Nimemwuliza yule kijana, ufuo uko wapi? Akasema hakuna ufuo mama, kuna bomba, ndio utaalamu wa siku hizi. Nikamwuliza, bomba linakwenda wapi, mwanangu?"

"Akasemaje?"

"Linakwenda, mama." Akasimama njiani, akajikuna kiganja. "Hivyo tu. Linakwenda."

*

Mazishi yalifana. Mapipa yalilazwa kwenye majeneza, yakafunikwa kanga za rangi ya taifa, na kuanzia kilimani mpaka mipaka ya nchi hakukuwa na lori hata moja lililowashwa. Mabega yalifanya kazi yote. Mtaa ulipokea, ukapisha mtaa, kijiji kikapokea, kikapisha kijiji. Watu walishangaa tu uzito. "Marehemu alikuwa na mwili," mzee mmoja alisema akihema, na mwenzake akamjibu, "Alikula vizuri huyo, alikaa na mawaziri." Jeneza lililopita njiapanda ya kwao Mheshimiwa lilisimamishwa na askari, wakasema barabara ya huko inatengenezwa. Na wakaanza kuitengeneza palepale, watu wakiona.

Kila mkoa ukazika fungu lake makaburini kwake, kati ya baba zao na mama zao, kwa heshima zote. Wiki zilipopita watu wa kaskazini wakaanza kujiuliza wamezikiwa nini. Nyasi za pale kaburini zilikuwa zimenyauka duara. Walipotaka kufukua, wakaambiwa kufukua kaburi ni dhambi, na tena ni kosa la jinai. Waliobeba wakatokwa na mabaka mekundu mabegani. Redio ikasema hiyo ni alama ya uzalendo, na haipakwi dawa bila kibali.

Watu hawakufanya fujo. Walifanya jambo baya kuliko fujo. Jeneza likipita sasa, hufunga madirisha. Kinyozi huendelea kunyoa. Wiki ile alikufa mtoto wa Bi Kazija, jirani yetu, na baba wa mtoto alimbeba peke yake mikononi mtaa mzima, milango inatiwa komeo mbele yake. Bi Kazija ni mwanafunzi wa mke wangu katika kazi ya kuosha. Alikuja kulia kwetu, akalia mlangoni, kwa kuwa siku hiyo Mize alikuwa hawezi tena kuinuka kumfungulia.

Ngozi ya viganja ilimtoka kama ganda la kitunguu. Nywele zilibaki kwenye mto, nami niliziokota nikazificha ndani ya sufi ili asizione, na aliziona. Hakuna kilichokaa tumboni. Hospitali ya wilaya daktari alimtazama mikono, akanitazama mimi, akatazama mlango. Mlangoni alikuwa amesimama Bwana Msabaha na suti yake. Daktari akaandika, akanisomea alichoandika: mgonjwa amezidiwa na huzuni ya msiba wa taifa.

"Dawa yake?" nikauliza.

"Muda," daktari akasema, na nilimwona mtu mzima anataka kulia.

Tukarudi nyumbani. Siku za mwisho Mize aliongea kidogo, na alichoongea kilikuwa cha kazi. Alimwita Bi Kazija na mimi, akatukalisha.

"Wewe Kazija utaniosha. Uvae mifuko ya plastiki mikononi, usijitie ushujaa. Na wewe Machano," akaniambia mimi, "uchimbe ufuo. Chumba cha uani. Chimba kwenda chini kuliko desturi, utie chokaa. Maji yangu yasifuate lile bomba."

"Umeshajua linakokwenda?"

"Sijui. Ndiyo maana."

Kisha akanitania, kwa sauti iliyokuwa imebaki uzi. "Na uuchimbe sawa. Nakujua weye, mashimo yako yote huenda upande."

Nilichimba. Nilichimba mpaka kichwa changu kikawa chini ya sakafu, naye yuko chumba cha pili ananisikiliza jembe, na kila niliposimama kupumua aligonga ukuta niendelee. Alikata roho Ijumaa jua likichomoza.

*

Wanawake walikuja na vyungu, wakavijaza maji bombani, wakavipanga uani. Bi Kazija alikuwa ameshavaa mifuko mikononi, ameifunga kwa kamba za mgomba. Ufuo ulikuwa tayari, umenyooka. Hapo gari likasimama nje.

Bwana Msabaha aliingia na askari na kamba ya njano. Alikuwa amepungua, kola imekuwa kubwa. "Mzee, pole na msiba. Tokeni ndani nyote."

Alikinyoosha kidude kuelekea kitandani. Hakikudonoa hata mara moja, kilianza na kilio moja kwa moja.

"Hata mashine inalia," nikamwambia.

Hakunitazama. "Hapana, mzee. Hii inapima."

Wakawatoa wanawake, wakakizungushia chumba kamba, wakabandika mlangoni lile duara lenye mapanga matatu, alama ya mionzi, linalobandikwa kwenye mapipa. Bi Kazija akasema, "Mwanangu, hatujamwosha."

"Haoshwi, mama. Huyu si maiti tena kisheria. Ni mabaki."

"Ni Mize huyu."

"Kwa mujibu wa sheria, kilichogusa Kinu ni sehemu ya Kinu."

Nikadhani nimeuona mlango. Nikasema, "Vema. Kama ni sehemu ya Kinu, basi naye ni marehemu wa taifa. Mwosheni kama mlivyokiosha."

Akafikiri kidogo. Walimfundisha vizuri. "Kinu alishaoshwa, mzee. Maiti haioshwi mara mbili."

Akaitwa Maalim Vuai wa msikitini. Maalim ni mtu mpole, na tangu yale mazishi hatazamani na watu machoni. Akasema maji yakishindikana ipo njia, atayamamishwe kwa vumbi safi, dini si mzigo. Msabaha akamwuliza, hilo vumbi baadaye litawekwa wapi, na mkono utakaompaka utawekwa wapi? Maalim akakaa kwenye kizingiti chetu, akakataa kuondoka, na mpaka ninaposema haya hajaondoka. Hilo nalihesabu kwake.

Nikauliza mabaki hupelekwa wapi. Nikaambiwa yanasubiri mkoa utakaoyapokea. Lakini hakuna mkoa unaopokea kitu tena, hata jeneza la kweli. Kwa hiyo wakaleta mabarafu ya soko la samaki wakayapanga kuzunguka kitanda, wakaweka askari, na mke wangu akaanza kusubiri zamu.

*

Jumamosi Mheshimiwa mwenyewe akaja kutoa pole, pamoja na hema, viti, kamera, na meza yenye jagi la maji na bilauri. Mtaa mzima ulikuja. Sufuria ya pilau haikuja, kwa hiyo najua walikuja kwa ajili ya Mize.

"Bi Mize," Waziri alisema, "alikuwa mwanamke wa kwanza katika ukanda wetu kusafisha kinu cha nyuklia bila gharama kwa taifa. Nchi zilizoendelea wanatumia roboti. Sisi tulitumia moyo." Akatangaza kwamba mavazi ya kinga sasa yatazinduliwa kwa jina lake, mkasi ukishakombolewa.

Nikanyoosha mkono. Msabaha akanitikisia kichwa nisiseme, nami nikasimama.

"Mheshimiwa, sina kubwa. Naomba kumwosha mke wangu."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mumewe. Dini inaruhusu. Simtaki mwanamke wa watu adhurike. Mimi nitamwosha, nimtie kwenye sanda, nimbebe peke yangu kama yule baba alivyombeba mwanawe. Simwombi mtu bega. Kisha mnifungie na mimi kamba, nikae humo."

Waziri akaweka mkono kifuani. "Mzee wangu, umenigusa. Serikali haikatai. Nataka iandikwe hivyo, serikali haikatai. Serikali inauliza jambo dogo tu, la kitaalamu. Maji utakayomwoshea yatakwenda wapi?"

"Kwenye ufuo. Nimechimba, nimetia chokaa."

"Ufuo ni udongo, mzee wangu. Na chini ya udongo kuna nini?" Akawageukia watu, sauti ikapanda. "Kuna maji ya kunywa ya wananchi. Mimi siwezi kulala usingizi nikijua maji yaliyogusa mionzi yamemwagwa bila kujulikana yanakwenda wapi. Watoto hawa wanywe nini? Nipe mahali palipoidhinishwa na wizara yangu, mahali pamoja tu ambapo maji ya namna hiyo yanaruhusiwa kwenda, na leo hii, mbele ya kamera hizi, utamwosha mkeo na mimi nitakushikia kata."

Wakampigia makofi wale aliokuja nao. Akachukua bilauri, Msabaha akammiminia.

Nami sikusoma, nilisema hivyo tangu mwanzo. Sikuwa natega mtu. Nilikuwa nataka kumwosha mke wangu, na mtu ameniambia nitaje mahali, nikataja.

"Basi, Mheshimiwa," nikasema, "yapelekeni kulekule yalikokwenda yale aliyomwoshea Kinu. Pale si mliidhinisha?"

Bilauri ilikuwa imeshafika mdomoni. Ikasimama hapo. Niliona macho ya Waziri yakishuka polepole, yakaangalia ndani ya yale maji, na maji yalikuwa meupe, mazuri, ya bomba la mtaa wetu. Akaishusha mezani. Hakuibwaga, aliiweka taratibu sana, kama yai.

Kando yake Msabaha alikuwa na kile kidude mkononi, karibu na jagi. Nilimwona anatazama jagi, anatazama kidude, kisha kwa kidole gumba, bila kelele, akakizima.

Bi Kazija alikuwa nyuma ya watu, mifuko bado mikononi. Akauliza kwa upole, kwa maneno ya mwalimu wake, "Bomba lilikwenda wapi, mwanangu?"

Msabaha akasema, "Mama," akaishia hapo. Machozi yalikuwa yanamlenga. Ni mtoto wa mtaa wa pili yule, mama yake huteka maji pale tunapoteka sisi.

Mheshimiwa akasema swali ni zuri na litaundiwa Tume. Akasema mpaka Tume itoe jibu hakuna maji yatakayomwagwa juu ya mabaki yale, wala mabaki yenyewe kusogezwa, kwa usalama wetu. Kamera zikazimwa. Hema likakunjwa wakati baadhi yetu bado tumekaa chini yake. Wakasahau meza.

Hii ni Jumapili. Barafu imeyeyuka ikaletwa nyingine, na maji yake yanapita chini ya mlango, askari anayakwepa kwa kuinua miguu. Maalim yuko kizingitini. Vyungu vya Bi Kazija vimepangwa uani vimejaa, na tangu jana hakuna anayevigusa, wala hakuna aliyethubutu kuvimwaga, kwa sababu kila mtu anaogopa kuamua avimwage wapi. Mtaani kumekuwa kimya. Watoto wana kiu na mama zao wamesimama kwenye bomba, mkono juu ya koki, hawafungui. Bilauri ya Waziri ipo palepale mezani, imejaa.

Wazee walisema mwosha huoshwa. Mke wangu aliosha kila aliyeletewa, mpaka chuma. Zamu yake imefika, na ufuo wake nimeuchimba umenyooka, angeuona angekosa la kunitania. Kilichobaki ni jibu la swali lake mwenyewe, alilouliza akiwa amesimama na kata mkononi na mikono inaanza kumwasha. Serikali iliyotia bomba inajua, au haijui. Nimemwuliza askari, nimemwuliza Maalim, nimekwenda kuuliza mpaka kwenye ukuta wa kilima. Na nyinyi mnaosoma haya, kabla hamjapiga funda lingine, nawauliza: maji yale yalikwenda wapi?